Mchanga, maranda au udongo wa dukani: kuchagua kinachoondoa harufu ya paka nyumbani

Nyumba yenye paka hujulikana wakati wa masika. Miezi ya kaskazi madirisha huwa wazi, upepo hupita kutoka sebuleni hadi jikoni, na mwenye nyumba huamini kwa dhati kwamba kwake hakunuki. Mvua za Machi zikianza, madirisha yakafungwa na hewa ikajaa unyevu, harufu iliyokuwa imelala katika viungo vya vigae, katika mkeka na chini ya kochi huamka yote kwa pamoja. Mgeni huisikia mlangoni kabla hajamaliza kupiga hodi. Wenyeji huwa wamekwisha kuizoea, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo, kwa sababu pua iliyozoea haiwezi kuwa shahidi wa usafi.

Sisi tunaishi Tanga, ghorofa ya pili, pamoja na paka wawili, jike na dume, na kwa miaka minne tumejaribu karibu kila kitu ambacho majirani, wauza duka na jamaa walitushauri. Ninavyovilinganisha hapa ni vile ambavyo mtu wa pwani anaweza kuvipata bila taabu kubwa: vitu vinavyotiwa katika beseni la paka, vitu vinavyomwagwa juu ya doa la mkojo, na vitu vinavyofukizwa au kupulizwa hewani. Kipimo changu cha kwanza ni kimoja kwa vyote, nacho ni kama kitu hicho huiondoa asili ya harufu au huifunika tu. Bei, uzito na usumbufu vinafuata baada ya hapo, ingawa kwa mtu anayepandisha ndoo ngazini kila wiki uzito nao si jambo dogo.

Doa moja, harufu mbili

Asili ya paka ni nchi kame, na mwili wake hutunza maji kwa kutoa mkojo mchache ulio mzito. Mkojo huo una urea nyingi. Bakteria wanapoivunja urea hutoa amonia, ndiyo ile harufu inayochoma pua na kutoa machozi mtu anapofungua chumba kilichofungwa. Pamoja na hiyo, mkojo wa paka una kiambata kiitwacho felinini, ambacho madume wasiohasiwa hukitoa kwa wingi kuliko majike, na ambacho huvunjika polepole na kuzaa viambata vyenye salfa vinavyonuka hata vikiwa kidogo sana. Kwa hiyo doa moja lina harufu mbili: ya amonia, inayokuja kwa nguvu na kupungua, na ya salfa, inayokuja taratibu na kukaa. Mkojo ukikauka huacha pia chumvi na mabaki yanayonyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo huwarudishia bakteria kazi. Ndiyo sababu ya sakafu iliyopigwa deki mara kumi kiangazi kunuka tena mvua zikinyesha.

Nimelitanguliza hili kwa kuwa kila dawa ninayoitaja hapa chini hushughulika na harufu moja vizuri kuliko nyingine, na mtu asiyelijua huilaumu dawa njema kwa kazi ambayo haikuwa yake.

Kinachotiwa ndani ya beseni

Mchanga ndio wengi wetu tulioanza nao. Unapatikana bure au kwa bei ya ndoo kutoka penye ujenzi, chembe zake ni laini, na paka huupenda kwa silika, kwani anaweza kufukua, kujisaidia na kufukia kama ambavyo angefanya uani. Paka anayekataa kila kitu kingine hukubali mchanga, na hiyo ni sifa kubwa. Tatizo lake ni kwamba chembe ya mchanga hainyonyi kitu. Mkojo hupita katikati ya chembe, hushuka hadi chini ya beseni na kutuama pale, ukimsubiri bakteria. Juu panaonekana pakavu na pasafi, lakini ukiliinamisha beseni kidogo utaona maji ya manjano yakikusanyika pembeni. Mchanga hauwezi kuchotwa sehemu iliyoloa tu ukabaki mwingine, hivyo ni lazima umwagwe wote kila siku au kila baada ya siku mbili. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga mkavu huwa na uzito wa kilo 30 hivi, na kwa anayeishi juu ngazini hesabu hiyo inatosha kumfanya afikiri upya. Tena mchanga wa nje hauji peke yake. Mahali ambapo paka wengine wamejisaidia huweza kuwa na mayai ya minyoo, na mchanga mkavu wa uani unaweza kuwa na funza. Anayeutumia auchekeche kwanza, kisha auanike juani hadi ukauke kabisa.

Maranda ya mbao ni hatua moja mbele. Fundi seremala huyakusanya kwenye viroba na mara nyingi hufurahi kuondolewa takataka dukani kwake. Mbao hunyonya, maranda ni mepesi kiasi kwamba mtoto anaweza kubeba kiroba, na yale ya msonobari, kama yatokayo kwenye mbao za mashamba ya Sao Hill huko Mufindi, yana harufu ya utomvu inayopunguza ukali wa ile nyingine kwa siku ya kwanza. Hata hivyo si kila maranda yanafaa. Mbao za kuezekea zilizotiwa dawa, ambazo nyingi huwa na rangi ya kijani iliyofifia, zina sumu, na paka hulamba miguu yake kila mara. Maranda yake yasiingie ndani ya nyumba kabisa. Vumbi linalotokana na mbao za kubandika kwa gundi nalo liachwe. Mwulize fundi amekata nini siku hiyo, na uchague maranda yaliyosokotana kutoka kwenye randa badala ya unga wa msumeno, kwa sababu unga huo hupaa, huingia puani mwa paka na mwa watu, na mwenye pumu hatauvumilia. Maranda ya mbao mbichi hayafai pwani. Tuliwahi kuweka kiroba cha namna hiyo roshanini, na baada ya wiki moja kilikuwa na joto ndani na ukungu mweupe juu.

Kasoro ya maranda ambayo haina tiba ni kusambaa. Yananasa kwenye manyoya na katikati ya vidole, na hata ukitandika mkeka mbele ya beseni utayakuta jikoni, kitandani na ndani ya kiatu.

Udongo wa dukani ni habari nyingine. Zamani hata huko Ulaya na Marekani watu walitumia mchanga, jivu au maranda kama sisi, mpaka mwaka 1947, Edward Lowe wa jimbo la Michigan alipomshauri jirani yake atumie udongo mkavu unaonyonya, uliokuwa ukiuzwa viwandani kwa ajili ya kukausha mafuta yaliyomwagika. Udongo wa siku hizi, hasa ule wa bentonaiti, hufanya zaidi ya kunyonya: ukiloa huvimba na kushikamana ukawa donge. Donge hilo huchotwa kwa upawa wa matundu, na udongo uliobaki unakuwa haujaguswa. Tofauti yote iko hapo. Mkojo unatoka nyumbani siku ile ile uliyoingia kwenye beseni, kabla bakteria hawajaugeuza amonia, ilhali katika mchanga unakaa chini ukiiva.

Bei yake hushtua, nami sitaki kuificha. Mfuko mmoja unaweza kuonekana kuwa anasa mbele ya mchanga wa bure. Lakini usilinganishe mfuko kwa ndoo. Linganisha kwa siku. Beseni lililojazwa kina cha vidole vinne, likachotwa kila asubuhi na kuongezwa kidogo kidogo, hudumu wiki kadhaa kabla ya kumwagwa lote, wakati ambapo mchanga ungekuwa umebadilishwa mara kumi na zaidi. Yako mambo matatu ya kuangalia. La kwanza, usiumwage chooni hata kidogo, kwa sababu unaovimba kwenye beseni utavimba na kwenye bomba. La pili, vitoto vya paka ambavyo bado vinaonja kila kitu visiwekewe udongo unaoshikamana. Vipewe maranda au mchanga mpaka vizidi miezi mitatu. La tatu, ukiweza kuchagua, chukua usiotiwa manukato. Manukato yale yametengenezwa kwa ajili ya pua ya mnunuzi. Paka, ambaye pua yake ni kali mara nyingi kuliko yetu, huweza kuyachukia akaenda kujisaidia kwenye zulia, na hapo utakuwa umenunua tatizo jipya.

Jivu nalitaja kwa ufupi kwa kuwa bado linapendekezwa na wazee wetu, nao wana sababu, kwani jivu hukausha haraka. Ila jivu lina ualkali, na ualkali huifukuza amonia kutoka kwenye mkojo ikapanda hewani. Harufu huzidi badala ya kupungua, na jivu lililoloa huwasha nyayo za paka. Mkaa uliopondwa haudhuru, lakini mkaa wa kupikia hauna nguvu ya kunyonya kama ule ulioamilishwa kiwandani, na gharama yake ni nyayo nyeusi juu ya shuka nyeupe.

Ningekuwa na uwanja na nyumba ya chini, ningeendelea na mchanga, nikauweka kibarazani na kuubadilisha kila siku. Kwa nyumba ya ghorofa yenye bajeti ndogo, maranda ya msonobari mkavu yanatosha, mradi gazeti litandikwe chini yake na yote yamwagwe kila baada ya siku mbili au tatu. Kwa anayeweza kumudu, na hasa mwenye paka zaidi ya mmoja katika vyumba visivyo na hewa ya kutosha, udongo unaoshikamana unashinda kwa mbali. Sisi sasa tunao ndani, na maranda yapo roshanini.

Chochote utakachochagua, mabeseni yazidi idadi ya paka kwa moja, kila beseni liwe refu kuliko paka mwenyewe, nalo likae mahali penye utulivu mbali na chakula chake. Kinyesi kichotwe kila siku bila kukosa. Hilo lina sababu nyingine iliyo kubwa kuliko harufu: mayai ya kimelea cha toksoplazma, ambayo paka aliyeambukizwa huyatoa kwenye kinyesi, huhitaji kati ya siku 1 na 5 ndipo yaweze kumwambukiza mtu, kwa hiyo anayechota kila siku huyaondoa kabla hayajawa tayari. Mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo kabisa. Beseni lioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida, na likishajaa mikwaruzo linunuliwe jingine, kwani plastiki iliyokwaruzwa huhifadhi harufu ambayo hakuna sabuni itakayoifikia.

Kinachomwagwa juu ya doa

Kosa langu kubwa nililifanya nyuma ya friji. Dume letu lilikuwa limeanza kunyunyiza, nami, kwa kutaka kumaliza jambo mara moja, nilimwaga dawa ya klorini ya kung'arishia nguo bila kuichanganya na maji, juu ya mkojo uliokuwa haujakauka. Katika muda mfupi macho yalianza kuwaka, kifua kikabana, na watoto wakaanza kukohoa chumba cha pili. Klorini ilikuwa imekutana na amonia na kutengeneza gesi ya kloramini, ambayo ni sumu. Tulitoka nje, tukafungua kila dirisha, na tulirudi ndani baada ya saa nzima. Sakafu ilikuwa nyeupe kama mpya. Siku ya tatu dume alirudi pale pale, akageuka, akainua mkia.

Kwa hiyo klorini, ambayo inasifiwa sana katika nyumba zetu, naiweka mwisho wa orodha. Inaua bakteria na inang'arisha, lakini juu ya mkojo wa paka ni hatari kwa mapafu, na haimwondolei paka hamu ya kurudi. Kama ni lazima itumike, doa liwe limeoshwa kwa maji mengi na kukauka kwanza, madirisha yawe wazi, na paka afungiwe nje mpaka sakafu isuuzwe.

Kuna dawa nyingine za sakafuni ambazo ukizitia kwenye ndoo ya maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Nyingi kati ya hizo zina fenoli, yaani kemikali za jamii moja zinazoua vijidudu, au mafuta ya msonobari. Ini la paka limepungukiwa na uwezo wa kuzivunja fenoli ambao sisi na mbwa tunao, naye hazinywi kutoka ndooni. Huzikanyaga sakafuni zikiwa bado mbichi, kisha hukaa pembeni na kulamba nyayo zake moja baada ya nyingine. Kwa mwenye mbwa ulinganisho ungekuwa tofauti, lakini kwa mwenye paka dawa hizi ziachwe dukani.

Kabla ya kuosha chochote, tafuta doa lilipo. Nilitumia kurunzi ndogo yenye mwanga wa zambarau, ile ambayo wakala wa pesa za simu huitumia kukagua noti. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, nilipiga magoti na kuupitisha mwanga ule karibu na sakafu, na nyuma ya friji, juu ya ukuta, shubiri moja na nusu kutoka chini, michirizi minne ikaonekana ikiwa na rangi ya manjano iliyochujuka, ikishuka hadi kwenye kiungo cha vigae na kuenea chini ya friji kwenyewe. Wiki nzima nilikuwa nikipiga deki sakafu, na mkojo ulikuwa ukutani.

Sasa tuziweke dawa nne za kweli pamoja. Maji na sabuni huondoa sehemu kubwa ya mkojo mbichi, na kwa doa la dakika chache hakuna kinachozidi taulo kavu: likandamize kwa uzito wako wote, ubadilishe upande, ulikandamize tena, ndipo umwage maji na kukausha. Katika nyumba ya Kiislamu hatua hii haina mjadala, kwani paka mwenyewe si najisi, kama inavyoeleza hadithi mashuhuri ya Abu Qatada, lakini mkojo wake ni najisi, na mahali pa kuswalia hapatoharishwi kwa manukato. Kwa doa la jana, hata hivyo, sabuni peke yake haitoshi.

Siki nyeupe, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ni asidi, na asidi huituliza amonia papo hapo. Ni rahisi, iko kila duka, na harufu yake yenyewe huisha ikikauka. Haifanyi kitu juu ya ile harufu ya salfa, na kwa madoa ya dume utaona tofauti upesi. Jambo ambalo watu wa pwani hawana budi kulizingatia ni kuta. Siki hula chokaa. Katika nyumba kongwe za mawe ya matumbawe zilizopakwa lipu ya chokaa, kama zile za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kwenye sakafu za marumaru au terazo, siki itaacha kovu ambalo halitafutika. Ndimu nayo ni asidi, ila ina sukari, huleta sisimizi.

Soda ya kuokea, ile nyeupe inayouzwa kwa pakiti ndogo karibu na hamira, ikinyunyizwa kavu kwenye zulia au godoro na kuachwa usiku kucha hupunguza harufu iliyobaki baada ya kuosha. Ni msaidizi mzuri, si mwoshaji. Desturi iliyoenea ya kuichanganya na siki katika ndoo moja haina faida, kwa kuwa asidi na soda humalizana zenyewe. Povu linalopendeza macho ni hewa ya ukaa ikitoka, na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Zitumie kwa zamu.

Dawa ya tatu ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ambayo huuzwa kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya vidonda. Mwaka 1993 mkemia Mmarekani Paul Krebaum alitoa mchanganyiko wa kuondoa harufu ya kicheche wa Amerika Kaskazini, ambayo nayo ni ya salfa: takriban lita moja ya peroksaidi hiyo, robo kikombe cha soda ya kuokea, na kijiko cha chai kimoja au viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Oksijeni inayotoka huvigeuza viambata vya salfa kuwa vitu visivyonuka. Kwa michirizi ya dume juu ya vigae sijaona kinachofanana nacho. Niliupaka kwa sponji, nikausubiri dakika kumi ukitoa povu dogo dogo kwenye viungo, nikasuuza, na kesho yake jirani ambaye pua yake naiamini hakusikia kitu. Mchanganyiko huu hutengenezwa na kutumiwa saa hiyo hiyo. Ukiufungia kwenye chupa utaipasua. Tena huchujua rangi, hivyo ujaribiwe kwanza kwenye pindo la kitambaa lisiloonekana, na mkeka wa ukindu uliotiwa rangi uepushwe nao.

Dawa ya nne ni zile zenye vimeng'enya, zinazouzwa na maduka ya dawa za mifugo na ya vifaa vya wanyama katika miji mikubwa. Hizi huyala mabaki ya mkojo pale yalipo, hata ndani ya sponji ya godoro au kochi ambapo huwezi kusuuza. Ni ghali, na wengi huzilaumu kwa sababu hawazipi muda. Dawa hii lazima ifike kila mahali mkojo ulipofika, kwa hiyo kwenye godoro haipulizwi, humiminwa. Kisha hufunikwa kwa nailoni ili ikae mbichi kwa saa kadhaa, na baadaye huachwa ikauke yenyewe kwa upepo, jambo ambalo wakati wa masika huweza kuchukua siku mbili au tatu. Godoro letu la chumba cha watoto lilinuka zaidi siku ya kwanza, nikadhani nimetapeliwa, kumbe kazi ilikuwa ikiendelea. Usiitumie juu ya mahali palipomwagwa klorini au siki bila kusuuza kwanza, kwani huharibika kabla haijaanza.

Nikitakiwa kuchagua, kwa vigae na sakafu iliyopakwa rangi nachagua peroksaidi. Kwa godoro, kochi na zulia nachagua vimeng'enya, na soda baada ya kukauka. Kwa ukuta wa chokaa nachagua maji, sabuni isiyo kali na subira. Sakafu ya saruji tupu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu ina vinyweleo na mkojo huzama ndani yake. Unaweza kuiosha kwa vimeng'enya mara mbili au tatu, lakini suluhisho la kudumu ni kuikausha kiangazi na kuipaka rangi ya sakafu ili vinyweleo vizibwe. Mkeka uliokojolewa mara nyingi, kwa huzuni, uage.

Kinachofukizwa hewani

Udi na ubani ni sehemu ya adabu ya nyumba zetu, wala siandiki haya kuvikataza. Nafasi yao ni baada ya usafi. Nyumba iliyofukizwa udi juu ya mkojo hunuka udi na mkojo, na mgeni huvisikia vyote viwili. Moshi nao ni moshi: paka mwenye pumu hukohoa, na kasuku au ndege mwingine wa tunduni huathirika upesi kuliko paka, kwa hiyo chetezo kiwashwe chumba kikiwa hakina mnyama na dirisha likiwa wazi.

Ninaloliogopa zaidi ni mafuta ya karafuu. Watu wengi wa Unguja na Pemba huyatia kwenye maji ya kupigia deki au kwenye kitambaa pembeni mwa chumba, kwa nia njema na kwa haki, maana hunukia vizuri na hufukuza wadudu. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, nayo ni fenoli, jamaa ya zile dawa nyeupe nilizozitaja. Karafuu kavu kabatini hazina neno. Mafuta yake yasifike mahali paka anapokanyaga au kujisugua. Dawa za kopo za kupuliza hazina sumu kali kiasi hicho zikitumiwa kwa uchache, ila hudumu nusu saa, na kila moja huongeza tabaka jingine juu ya lile la chini. Anayetaka harufu njema bila hofu aweke asumini mbichi kwenye kisahani cha maji. Upepo ni bora kuliko vyote: fungua dirisha linaloelekea baharini na mlango ulio upande wa pili kwa wakati mmoja, asubuhi kabla ya jua kupanda, na hewa ya nyumba nzima itabadilika.

Dume

Hesabu yote niliyoifanya hapo juu ilibadilika siku tulipompeleka dume kuhasiwa. Kunyunyiza kuta si uchafu wala utovu wa adabu. Ni lugha ya dume anayetangaza mipaka yake, na kuhasiwa humaliza jambo hilo kwa madume 9 hivi kati ya 10, hasa wakihasiwa kabla hawajaizoea tabia hiyo, wakiwa na umri wa miezi mitano au sita. Matokeo hayaji siku hiyo hiyo, kwa kuwa homoni huchukua wiki kadhaa kupungua mwilini. Gharama yake ilinisumbua, mpaka nilipoijumlisha siki, peroksaidi, pazia moja lililotupwa na godoro lililookolewa kwa taabu, nikaona ningemhasi mara mbili na chenji ingebaki. Harufu ya mkojo wenyewe nayo ilipungua, kwani dume aliyehasiwa hutoa felinini chache.

Likabaki jambo moja ambalo mwenye paka anapaswa kulijua kabla ya kununua dawa yoyote ya madoa. Paka aliyekuwa akitumia beseni lake vizuri, kisha ghafla akaanza kukojoa sakafuni, huenda hana kosa lolote. Huenda anaumwa kibofu, na ameanza kulihusisha beseni na maumivu. Mwangalie kabla ya kumfokea. Na ikiwa ni dume, anaingia kwenye beseni kila baada ya dakika chache, anachuchumaa, analia, anajilamba chini ya mkia na halitoki tone au linatoka tone moja la damu, njia yake ya mkojo imeziba, na hali hiyo huweza kumwua ndani ya siku moja au mbili. Apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.